Upande wa Kivuli

Binti yangu Gillian alitaka picha moja tu ya mama yake, ya kuchapisha kwenye karatasi ya ibada ya mazishi, na aliitaka kabla ya Alhamisi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kwa miaka arobaini na mmoja nimepiga picha za magarimoshi ya mvuke kwenye reli ya zamani ya Harrowdale, na karibu kila Jumamosi mke wangu Enid alikuwa pembeni yangu. Nina slaidi za filamu elfu kumi na tisa. Ningekosaje moja?

Siku mbili nzima nilizipitia pale mezani jikoni, sanduku moja baada ya jingine. Injini nyeusi inapanda kilima Januari, moshi wake mweupe umejaa bonde. Injini ya kijani iko darajani. Binadamu hakuna. Sisi wapiga picha wa kando ya reli tunajipanga mstari mmoja upande wa jua, na atakayejitokeza mbele ya kamera atatukanwa mpaka akome. Koti jekundu ndilo tunalolichukia kuliko yote. Koti la Enid lilikuwa jekundu.

"Ya harusi ninayo, baba," Gillian alisema. "Lakini yule msichana wa miaka ishirini na mbili mimi simjui. Na za kwenye simu zote ni za hospitali. Namtaka mama, yule wa chupa ya chai."

"Ipo. Nipe muda."

"Alhamisi, baba."

Nikachukua daftari. Huwa naandika kila picha niliyopiga: tarehe, namba ya injini, hali ya hewa. Machi 1987: *Jua dakika mbili. Imeharibika, E. ameingia. Imetupwa.* Nikafunua mbele. Imetupwa. Imetupwa. Mara kumi na nne mke wangu aliingia kwenye picha yangu, na mara zote kumi na nne nilimtia kwenye pipa la taka, kisha nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilijichukia.

Alibaki Desmond Pickersgill. Miaka thelathini nimemcheka huyo, kwa sababu hupigia upande wa kivuli, peke yake ng'ambo ya reli, na sisi tunatokea kwenye picha zake kama kunguru juu ya uzio. Nikaenda kubisha hodi kwake.

"Loo! Wilf Thackray! Jua la leo limechomoza wapi?" Kisha akaniona uso, akaacha utani. "Nimesikia habari za Enid. Pole sana, ndugu yangu. Ingia ndani."

Nikamweleza shida yangu. Alifungua droo ya kabati, akatoa bahasha.

"Hii nilitaka kukupa mwaka ule ule nilioipiga. Ukasema picha ya kivuli hata chooni kwako huitundiki."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya watu wote, bwana. Enid ndiye aliyeniomba radhi."

Mvua ilikuwa inanyesha siku ile. Kwenye picha, garimoshi liko mbali kwenye kona, dogo tu. Huku mbele amesimama Enid na koti lake jekundu, ameshika mwavuli kwa mikono miwili juu ya kamera yangu, yeye mwenyewe ameloa, nywele zimemganda kwenye paji la uso. Chupa ya chai iko miguuni pake. Mimi nimeinama, jicho kwenye kamera, nalisubiri garimoshi. Yeye halitazami garimoshi. Ananitazama mimi, anacheka.

Siikumbuki siku hiyo. Nilikaa kwenye kiti cha Desmond nikalia, naye akaenda kuchemsha maji ya chai.

Jumatano jioni Gillian aliiweka picha kwenye kompyuta, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu," alisema. "Ndiye mama kabisa." Kisha akaweka kidole kwenye kioo. "Ila wewe hapa pembeni, baba, mgongo wako unaiharibu kidogo. Nikukate?"

"Nikate," nikamwambia.

Alhamisi kanisani Enid alikuwa kwenye karatasi mia na ishirini. Ameshika mwavuli juu ya mtu asiyekuwepo, na anamchekea.