Mfalme Ndani ya Ukuta

Ishaka alikuwa na baba mkwe mwenye simu nzuri kuliko yake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mkewe, Saida, alipofunga begi moja akarudi kwao Tanga, Ishaka alimpigia huyo baba mkwe kuomba mazungumzo. Mzee Karimu, mwalimu mstaafu asiye na haraka na jambo lolote duniani, alimjibu kwa upole kwamba siku hizi anacheza vita kwenye simu, vile vya kupokezana zamu: unasogeza askari wako, kisha unamngoja mwenzako.

"Tucheze, mwanangu. Mchezo ukiisha ndipo tuzungumze habari za Saida."

Mchezo wenyewe ulikuwa kituko, umejaa hitilafu. Wavuvi walivua samaki kileleni mwa mlima. Punda mmoja wa Ishaka alitembea angani tangu vita vilipoanza, na hakuna aliyeweza kumteremsha. Hayo yalimchekesha, mpaka siku Mzee Karimu alipojenga ukuta palepale aliposimama mfalme wake mwenyewe. Ukuta ukammeza mfalme. Ikabaki ncha ya kilemba nje, na kila zamu ilipofika, sauti ilitoka ndani ya matofali: "Niko tayari, bwana wangu."

Tayari kwa lipi? Hakuweza kutoka wala kutekwa, na kwa sheria za mchezo ule vita haviishi mpaka mfalme mmoja atekwe. Mzee aliendelea kusogeza vitu vidogo vidogo, mbuzi hapa, gunia pale, kana kwamba hakuna kilichoharibika. Kila zamu Ishaka aliandika "Shikamoo baba," akajibiwa "Marahaba," na wiki zikapita hivyo hivyo.

"Ambia ule muzee," alisema Thierry, fundi cherehani wa Bukavu aliyepanga chumba cha pili katika fleti yao mtaani Hillbrow, huko ugenini. "Mufalme yake imekwama. Utabakia hapa mupaka lini?"

"Nimwambie baba mkwe kwamba kajengea mfalme wake ukuta kichwani? Atanionaje?"

"Eish. Adabu yako itakuuwa."

Ishaka akajaribu kusaidia kimyakimya. Alipeleka farasi wake bora ausukume ukuta taratibu, bila kupiga, maana kupiga ukuta wa mkwe nafsi yake ilikataa. Farasi akaingia nusu, akanasa. Sasa kilemba kilichomoza upande mmoja na mkia upande wa pili, na Ishaka hakucheka tena. 

Jumapili mchana hakwenda popote. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, nao waliishi ghorofa ya kumi na moja. Alikaa dirishani, kwenye kiti cha Saida. Hapo ndipo mkewe alipokuwa akishinda kutwa, wakati yeye analinda lango la ofisi kule Braamfontein. Saida aliogopa kushuka ngazi zile peke yake, na huko chini hakuwa na mtu wa kumwamkia. Jioni alisema tu, "Chakula tayari." Ishaka alimwona anavyonyauka. Alimwona vizuri kabisa, ila hakuuliza, kwa sababu hakuwa na pengine pa kumpeleka.

Akaichukua simu, akapiga.

"Shikamoo baba. Nisamehe. Mfalme wako amenasa ukutani."

"Marahaba. Nilijua tangu siku ile ile," alisema Mzee Karimu. "Nilikuwa nangoja uniambie. Kumbe mwanamume anaweza kumwona mtu kafungiwa, na bado akatoa shikamoo zake kila siku."

Ishaka aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. 

"Saida yupo?"

"Yupo. Anasikia."

"Saida," akasema. "Nilikuona. Pale kwenye kiti. Tangu mwanzo nilikuona, nikanyamaza."

 Sauti ya mkewe ikaja, kavu.

"Vunja huo ukuta."

"Ni wa baba, Saida."

"Vunja."

Zamu ilikuwa yake. Akaiacha simu hewani, akafungua mchezo, akasogeza mzinga, akapiga. Ukuta uliporomoka wote kwa mpigo mmoja. Farasi akachomoka, akakimbia kinyumenyume hadi baharini. Vumbi lilipotulia, mfalme alikuwa amesimama uwanjani peupe, matofali miguuni, bila kitu cha kumzuia. Hakusogea.

Ishaka alingoja. 

"Ukuta umeanguka," akasema. "Lakini hatoki. Amesimama tu."

Akamsikia Saida akivuta pumzi, karibu sana na simu.

"Mwache kwanza," akasema. "Amekaa humo siku nyingi."