Vyura Ishirini wa Duara la Bujiku

Saa mbili asubuhi Asteria alipanga mabakuli mawili ya kioo mezani, akachukua rula na kuanza kupima mikia ya viluwiluwi. Bakuli la kwanza lilikuwa na maji matupu. La pili lilitiwa dawa iliyoundwa kufanana na homoni ya tezi ya shingo, ile inayomwotesha kiluwiluwi miguu na kumwondolea mkia. Mtafiti Valerian, aliyemwajiri, alitaka kujua kama dawa hiyo inafanya kazi.

Viluwiluwi alikuwa amewachota mwenyewe nje kidogo ya mji wa Geita, kwenye duara la Bujiku, shimo la dhahabu lililojaa maji tangu liporomoke mwaka jana. Siku lilipoporomoka mumewe, Mayala, alikuwa chini. Bujiku, mwenye duara, aliapa kwamba Mayala alishapanda juu, akaenda zake Maganzo kutafuta almasi. Basi hakufukuliwa mtu, na bila maiti hakukuwa na matanga. Asteria aliumia sana, akaendelea na kazi.

Siku ya sita viluwiluwi wa bakuli la pili walikuwa vyura. Kila mmoja alikuwa na mguu wa kulia wa mtu, mdogo kama punje ya mahindi, wenye vidole vinne. Asteria alimpigia simu mama mkwe wake, Mbuke, naye akafika kesho yake kwa basi la kutoka Shinyanga.

"Mwangaluka, Mayala," Mbuke aliwasalimu vyura, akavaa miwani. "Ndiye. Kidole kidogo nilikikata mimi kwa jembe, tukipalilia pamba. Alikuwa na miaka saba."

Valerian hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ripoti ya kumaliza. Aliandika kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba umbo la mguu halihusiani na utafiti.

Wanawake wakawatia vyura kwenye ndoo, wakawapeleka kwa mtendaji wa kijiji ili aandike kifo cha Mayala. Bujiku aliitwa. Aliutambua mguu, wala hakubisha.

"Lakini si wanaruka hawa?" alisema. "Mtu anayeruka amekufaje?"

Mtendaji aliona neno hilo lina uzito. Vyura wakifa, alisema, ndoo irudishwe, ataandika kifo.

Hawajafa. Bujiku amefungua duara jipya hatua kumi kutoka lile la zamani, na vijana wanashuka. Mbuke hajarudi Shinyanga. Jioni vyura huingia uani kwa Asteria wakiwa na matope, na Asteria huwawekea maji kwenye karai la Mayala. Huwaosha miguu mmoja mmoja, wote ishirini, huku akiwaomba kwa sauti ya chini, Mbuke asisikie, kwamba wafe.