Mkia Usio Wake

Nilitaka Profesa aje mwenyewe, kwa miguu yake, na alikuja. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu cha wanyama watambaao akihema kwa sababu ya ngazi. Nikamwamkia kwa adabu zote, maana adabu hainigharimu kitu.

Mezani ilikuwapo chupa ya mjusi wake. Katika kazi yetu, ukimtangaza mjusi mpya, unamteua mmoja awe kielelezo. Huyo ndiye hubeba jina kwa niaba ya wenzake wote, hata akiwa amekatika. Huyu alikuwa amekatika. Mkia ulifungwa kwa uzi, na upya wake wote ulikuwa kwenye mkia huo, kwa kuwa kiwiliwili kilikuwa kama cha mjusi yeyote wa ukutani.

Nilipokuwa mwanafunzi wake nilimwambia Profesa kwamba mkia ule si wa mjusi yule. Akanijibu mbele ya maabara nzima, "Kama kuhesabu magamba ya mjusi kumekushinda, nenda kahesabu vitunguu sokoni." Watu wakacheka. Kesho yake jina langu lilikuwa limefutwa kwenye makala, na kadi yangu haikufungua mlango. Sijamsamehe, wala sijawahi kujaribu.

Sasa chumba ni changu. Nikampa picha ya eksirei aielekeze dirishani. Pingili za mkia zilikuwa nene kuliko kigutu cha kiwiliwili ulikodaiwa kukatika.

"Umeona?"

"Nimeona." Akakaa. "Mwanangu, kielelezo kikiwa cha mijusi wawili, sheria ya majina inakuruhusu kuchagua kipande kimoja. Sema mkia ndio kielelezo, kiwiliwili kiliingia kwa makosa. Mjusi mzima mwenye mkia wa namna hii si umempata wewe mwenyewe kule kwenye mawe? Basi abebe jina nililolitoa, liishi."

"Na nikichagua kiwiliwili?"

Akaiweka picha mezani; jibu alilijua. Mjusi wa ukutani ana jina la zamani, na kwetu la zamani ndilo hushinda. Jina alilolitoa Profesa lingekufa hapo hapo.

"Ni jina la mama yangu," akasema taratibu. "Alichukuliwa na mafuriko, hatukumpata. Hana kaburi lingine."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimhurumia mama yake, kweli kabisa. Yeye sikumhurumia hata chembe.

"Mama yangu mimi yu hai," nikamwambia. "Siku uliponifukuza alinifungulia mlango, hakuniuliza kitu. Mjusi wa mawe atakuwa na jina lake. Nimeshamwambia. Anaogopa mijusi kama nini, kasema hata picha nisimpelekee."

"Kwa hiyo umeshaamua."

"Makala ipo kwa mhariri. Nimechagua kiwiliwili."

Akausugua mpini wa bakora yake. "Basi mtoe humu. Mtupe. Afadhali apotee kabisa kuliko kukaa kabatini akichekwa."

"Haiwezekani, Profesa. Kielelezo hakitupwi, hata jina lake likifa. Kila atakayeandika habari za mjusi wa ukutani atalitaja, chini kabisa, pamoja na majina yasiyotumika."

Akalia, na mimi nikamtazama. Nilikuwa nimeungoja uso ule tangu siku ya vitunguu, na roho yangu iliburudika kwelikweli. Niliposhiba nikakaza kifuniko cha chupa, nikamrudisha mama yake kabatini.