Umio, Si Kimeo

...gurr, kama maji yanayotoka kwenye chupa iliyoinamishwa ghafla, gurr halafu kimya, na ule ukimya ndio ulioniamsha jana usiku wa manane, maana yalikuwa mate yake mwenyewe yanamkwama, si ugali, si wali, mate, nikamkalisha, nikamwinamisha, yakatoka, akalala tena mdomo wazi, mimi sikulala, na sasa niko hapa kwenye benchi la hospitali, kichwa ukutani, macho nimeyafumba kwa sababu nikiyafumbua nitautazama ule mlango wa kijani na nikiutazama nitaupiga mateke, Hidaya yuko ndani, mtoto wa miaka minne ameingia kwa miguu yake, nesi alinyoosha mikono ambebe akasema natembea, natembea mwenyewe, akaenda na gauni lake la mtumba linaburura sakafuni kama bibi harusi, hakugeuka, mwanangu huyo, mimi nilimzaa mimi... na daktari aliniambia mapema, hakunificha, mama Hidaya, kila tunapoingiza kijiti tunacheza na kitu chembamba, kinaweza kuchanika, ukiona homa, ukiona kifua kinamuuma, ukiona shingo imevimba kama imejazwa upepo, usingoje kuche, mlete, nikasema ndiyo daktari kama tuko darasani... Shikamoo bibi, sauti ya mwanamke, amekaa ubavuni kwa mama mkwe, marahaba mwanangu, umetokea wapi, Gairo bibi, naitwa Josephina, lo, mbali, na huyo mgongoni, huyu ni Amosi, kifua bibi, anakohoa mpaka anatapika, na huyo aliyelala ni nani, mkwe wangu huyo, mwache, hajalala tangu jana... mkwe wake, basi, waongee, mimi sipo, kohoa Amosi kohoa, afadhali wewe unayekohoa, wangu hata kukohoa hakukohoa, siku ile wala hakulia sana, uani kwa jirani, rojo jeupe kwenye kata, wanachanganya mafuta na kostiki wapate sabuni ya kuuza, maana tangu kila kitu kiwe ruksa na viwanda vipunguze watu, Yunusi wangu akiwemo, nusu ya mtaa wetu wa Kihonda inapika sabuni, na kostiki inauzwa sokoni kama chumvi, mtoto akaona togwa, nani angejua si togwa, akanywa funda moja, midomo ikababuka, akalazwa, akapona, ndiyo, alipona, hilo ndilo lililotudanganya wote, alikula wali akaomba tena, majirani wakaja na pole wakaondoka na hongera, halafu zikapita wiki, ugali ukaanza kurudi, kisha wali, kisha uji mzito, na nani angekumbuka kostiki tena, mtoto alishapona... ila mimi nilikumbuka, nina kovu la uji wa moto hapa kwenye kiwiko tangu utotoni, lilipopona ndipo lilipoanza kuvuta, mkono ukawa haunyooki, kidonda hakikuvuta, kovu ndilo lililovuta, na daktari alipokamata mkono wa koti lake jeupe akaubana katikati kwa vidole viwili, akasema njia ya chakula iko hivi sasa, umio wake umekuwa mwembamba, kovu linajikunja kila siku, lazima tuupanue polepole, kijiti chembamba kwanza kama mrija wa kalamu, halafu kinene kidogo, kila baada ya wiki mbili, hata akila vizuri aje, maana kovu halilali, mimi nilishaelewa kabla hajamaliza, umio, neno la sayansi ya shule ya msingi, tulikuwa tunaliimba, mdomo, umio, tumbo, na kule sekondari ya Kilakala nikalijifunza upya kwa Kiingereza, nikamchora mtu mzima mwenye njia zake zote mpaka mwalimu akanyanyua mchoro wangu darasa lione... na mama mkwe pembeni yangu akapiga makofi, mbele ya daktari, mnaona, si nilisema, hata daktari kasema kimeo! Kimeo! Umio, mama, kadhani kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, wanachokikata kwa kisu kilichopinda, na kabla hatujafika nyumbani habari ilishatutangulia, daktari wa hospitali kasema kimeo, kila anayekuja kusalimia anajua fundi, yupo wa mlimani, mikono yake myepesi, hata damu haimwagiki kijiko, na mama mkwe akaja asubuhi na kapu lake, kapaka hadi viatu mafuta, mpe mtoto sweta kule juu kuna baridi... Yunusi akatazama kucha zake. Nikasema shikamoo kwanza, adabu sikuiacha, shikamoo mama, marahaba, halafu nikasema haendi. Uani, mbele za watu, haendi, kilichoziba kiko chini huko kisu hakifiki, na mtoto asiyemeza mate yake atameza vipi damu yake? Hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilitoka yote... hakunisemesha siku nzima, kesho yake akasema kwa Yunusi, si kwangu, mwanangu, mkeo amesoma, basi tuzike kwa kusoma, na walipompanua mara ya kwanza akanywa uji wote, baada ya siku chache ukarudi, akasema si hicho kimeo kimeota tena, mara ya pili akala kiazi, juma lililopita akatamka, hii ya tatu iwe ya mwisho, akitapika tena nampandisha mlimani mwenyewe, na tangu juzi amenyamaza, haulizi kitu, mtu kama yule akinyamaza ameshapanga safari, nami sitakuwa na nguvu ya kukataa mara mbili, nimechoka, akitoka pale mlangoni akatapika hata tone... Na huyu Amosi, Josephina anasema, kesho nampeleka akakatwe kimeo bibi, wamenielekeza mtu hapa hapa mjini, nimepita hospitali kumjulia hali dada yangu aliyelazwa tu, sasa mama mkwe atamwambia, sasa atamtajia wa mlimani mwenye mikono myepesi, kaeni mpange safari yenu, wapandisheni wote wawili... Kimeo umekiona wewe? mama mkwe anamuuliza. Sijakiona bibi, wamesema. Wamesema! Mjukuu wangu yuko mle ndani, nilisema kimeo, nikaapa kimeo, kumbe umio. Si ndiyo hicho hicho bibi? Weye! Ninyi watu wa Gairo karanga zimewajaa masikioni? U-mi-o. Kimeo kiko hapa, fungua kinywa nikuonyeshe, umio unashuka huku, mpaka tumboni. Josephina anacheka, anasema nyie watani wetu wa milimani mmeanza lini udaktari, na mama mkwe hacheki, juzi, anasema, juzi mkwe wangu alienda bombani, nikampa mtoto tonge la kiazi nione, likapita hapa kooni, mwanangu, nikaliona linapita, halafu akajishika hapa, kifuani, katikati, akanitazama. Mimi mtu mzima nimeona kwa macho yangu. Kisu kingefika kifuani? Ningempeleka mimi, ningemkata pasipo na ugonjwa na ugonjwa ukabaki chini unanicheka. Huyu aliyelala ndiye aliyenikatalia, uani, watu wamejaa, na shikamoo akanipa kwanza! Nilikasirika nikataka kurudi kwetu kwa miguu. Huyo ni mwanamke, mwanangu, huyo hata mimi sikuwa hivyo. Wiki mbili zijazo mimi ndiye nitakayemleta mtoto, yeye apumzike. Wa kwako sijui ana nini, mimi si daktari, lakini maadamu umeshafika hapa, muulize daktari kwanza, mtu hakatwi kwa sababu wamesema... ninabana macho, machozi yanatafuta njia pembeni, yasitoke, wataniona, sijui nacheka au nalia, mlango bado umefungwa, sijasikia kitasa, sijasikia nesi, bado inaweza kuchanika, bado naogopa, lakini aliyekuwa upande ule wa kamba amehamia huku, tunavuta wawili... Usimwambie nimesema, mama mkwe ananong'ona, atavimba kichwa, hatanipikia tena. Hasikii bibi, tazama, amelala fofofo. Hata hivyo, usimwambie. Simwambii bibi... na mimi, naapa kwa huyu aliyeko ndani, nitaamka kama niliyelala, nitasema shikamoo mama, nitauliza wametoka, na haya niliyoyasikia hata Yunusi hatayajua, yatabaki kwangu, simwambii mtu mwingine yeyote.