Kilo Themanini na Sita

Wodi zote tatu zilitoa jibu moja: kwa wastani, mtoto mchanga wa hospitali yetu anazaliwa na kilo themanini na sita.

Muuguzi mkuu akasema, "Ndiyo maana wakunga wanalalamika migongo." Watu wakacheka mpaka basi. Siku hiyo Mganga Mkuu alikuwa anaamua kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani, na namba ile iliyomulikwa ukutani niliijua vizuri mno.

"Mtakwimu," akasema Mganga Mkuu, hacheki, "kukosea si kitu. Ila kama hujui kosa limetoka wapi, kazi sikupi. Hiyo themanini na sita ni ya nani?"

Nikatazama nyuma. Fundi wa projekta alikuwa amekunja mikono, anasubiri jibu kama wengine. Huyo ni mume wangu, niliyemwapia kwamba nina kilo sabini na moja. Ningesingizia kompyuta, angekuja kuikagua yeye mwenyewe. Basi, potelea mbali.

"Funksheni ni kijiprogramu," nikaanza. "Unakipa namba, kinakufanyia hesabu. Ukikitajia jina, kinalitafuta kwanza humo humo ndani. Kikilikosa hakiulizi mtu, kinatoka nje kubeba chochote chenye jina hilo. Kama wifi yangu akikosa kandambili chumbani kwake: anakuja sebuleni anavaa zangu."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Anamjua dada yake.

"Namba za watoto niliziingiza humo kwa jina 'kilo', halafu hesabu nikaiambia itafute 'uzito'. Ndani hakuna 'uzito'. Nje upo, niliuacha asubuhi. Ni wangu, naupima kila wiki. Napunguza mwili."

Nikabadilisha neno hilo moja, nikaendesha upya. Kilo tatu na ushee, kila wodi na yake.

"Umethibitishwa," akasema Mganga Mkuu. "Na huo wako uufute humo."

Watu walipotoka, mume wangu alibaki anakunja waya, taratibu, kwa makusudi. "Mke wangu, si uliniambia sabini na moja?"

"Hiyo ni ya ndani ya nyumba," nikamjibu. "Namba ukiibadilisha ndani, ya nje haiguswi."

"Nimekuelewa," akasema. "Basi leo mizani ya bafuni naihamishia nje, sebuleni."