Vidonge Vilivyobaki Chupani

Profesa Zipporah Masha alikuwa amebakiza miezi michache tu astaafu, na hakutarajia jambo jipya. Alikuwa amefundisha famasia katika chuo kimoja mjini Kilifi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akiingia duka la dawa lolote, kutoka Mtwapa hadi kwake Barani, Malindi, hakukosa kumkuta nyuma ya kaunta mtu anayeacha alichokuwa akifanya na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Jina lake lilikuwa limesimama juu ya utafiti mmoja. Alipokuwa bado mhadhiri mchanga, alikwenda katika kijiji cha Kwa Mwaro, ndani kutoka barabara kuu ya Matsangoni, akaandikisha wagonjwa wa presha. Kila mgonjwa alipewa chupa yenye vidonge vya mwezi mzima, na mwezi ulipokwisha aliirudisha chupa ile ili vilivyobaki vihesabiwe. Anayemeza dawa yake sawasawa hurudisha chupa tupu. Asiyemeza, chupa humsema. Ndivyo watafiti wenzake walivyofanya kazi kila mahali, na yeye hakuona sababu ya kufanya vingine. Chupa za Kwa Mwaro, karibu zote, zilirudi na vidonge ndani.

Aliandika matokeo yale, yakachapishwa katika jarida la ng'ambo, akaalikwa mikutanoni, akapanda cheo. Shirika lililokuwa likitoa dawa bila malipo lilimwomba ushauri, naye akautoa kwa nia njema: watu wa Kwa Mwaro wasikabidhiwe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo kama vijiji vingine, bali waje Kilifi kila mwezi, wapimwe, wapewe za mwezi mmoja. Ushauri ukawa sheria. Vijiji jirani vikakaa na dawa zao nyumbani. Kwa Mwaro wakawa watu wa kwenda na kurudi.

Sasa shirika lilikuwa limeunda kamati ya kuamua kama sheria ile iendelee au ifutwe, na neno la Profesa ndilo lililosubiriwa. Yeye alikuwa amekwisha kulipanga moyoni. Iendelee.

"Mwalimu, kikao ni Alhamisi," alisema Daktari Nelly Moraa, mhadhiri kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. "Kwa nini tusiende kwanza tukawaone wagonjwa wenyewe?"

"Nimewaona wagonjwa hao wewe ukiwa bado hujaanza shule, Moraa."

"Basi huenda wana hamu nawe, mwalimu."

Profesa alicheka, na kwa sababu alikuwa amecheka, hakuweza tena kukataa.

Nyumba waliyoingia ilikuwa ya mama Easter Kambi, mmoja wa wagonjwa wa kwanza kuandikishwa katika utafiti ule. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa na kiharusi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichoombwa kumshikia mtu. Alizungumza polepole, lakini akili yake haikuwa na doa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu? Si Zipporah wa chupa? Hapa hadi leo twakuita Mama Chupa, sijui kama habari zilikufikia."

"Hazikunifikia, mama."

"Basi zimefika. Keti. Na huyu mwembamba ni nani, hamumpi chakula huko chuoni?"

Moraa alisema kwamba chakula anapewa, ila hakikai. Mama Easter akaguna kwa furaha, na kwa muda ilionekana kana kwamba ni ziara ya kawaida. Kisha Viola, binti yake, aliyekuwa akimkunjia mama yake mto mgongoni, akasema bila kuinua macho:

"Msimwonee huruma sana, Profesa. Huyu amejiponza mwenyewe. Dawa hamalizi tangu enzi zile zenu, hata faili lake lasema hivyo. Na miaka hii, apewa siku ya kwenda Kilifi, haendi."

"Mvua ilikuwa imeharibu njia," alisema mama.

"Mvua ya mwezi mmoja, mama. Na miezi ile mingine?"

Viola alichukua nazi zake akatoka kwenda jikoni, na kutoka kule wakaisikia mbuzi ya nazi ikianza kukuna.

Profesa alijiona ametetewa, na akaona aibu kidogo kwa kuona hivyo. Moraa alikuwa amesogeza kigoda karibu na mgonjwa.

"Mama, hebu nieleze wewe mwenyewe. Ile dawa ya chupa, ulikuwa ukiitumiaje?"

Lilikuwa swali la Profesa mwenyewe. Kila mwaka, kabla hajawaruhusu wanafunzi kugusa dirisha la dawa, aliwafundisha kuuliza hivyo na kunyamaza: usimwekee mgonjwa maneno mdomoni, mwache akueleze. Alikuja kulijua swali hilo baadaye, kwa kusoma. Kwa Mwaro alikuwa ametumia maswali yenye majibu tayari. Ulisahau? Ulichoka? Dawa ilikudhuru? Wagonjwa walichagua moja ili wasimchoshe, naye akatia alama.

"Nilimeza viwili kila asubuhi baada ya chai," alisema mama Easter. "Sikuruka. Ila siku mbili za mwisho wa mwezi, kabla ya kuja kwenu, naacha."

"Kwa nini waacha?"

"Ili nipate cha kurudishia chupa."

Moraa alimtazama bila kuelewa. Alikuwa mtu wa Kisii, na miaka yake ya pwani haikuwa mingi. Profesa alikuwa ameelewa tayari, lakini alisubiri kusikia, kama mtu anavyosubiri jibu la kipimo ambacho tayari anajua kitasema nini.

"Mwanangu," mama Easter alimwambia Moraa, "jirani akikuletea mboga kwa bakuli, wamrudishia bakuli likiwa tupu? Watia kitu. Ndimu mbili, chumvi, hata kipande cha muhogo. Sasa huyu alituletea dawa ndani ya chupa nzuri, yenye kifuniko, halafu asema nirudishie chupa yangu. Nimrudishie tupu, kama mtu asiyelelewa? Na cha kutia ni nini? Ndimu haiingii. Twakaa wanawake twashauriana, twasema, tumwachie hivi hivi vyake, vinne vinne, ajue tumeshukuru."

"Wote mlifanya hivyo?"

"Wenye adabu. Yule Menza alirudisha tupu, tukamsema."

Mbuzi ilikuwa ikikuna jikoni. Profesa Zipporah alikumbuka vinne vile. Alikuwa ameviona. Chupa baada ya chupa, mwezi baada ya mwezi, vinne, mara chache vitano, na hata msaidizi wake aliwahi kusema kwamba wazembe wa kweli hawazembei kwa kipimo. Ndipo akatafuta maelezo, akaandika kwamba mgonjwa wa kijijini hulegea mwezi unapokaribia kwisha. Sentensi hiyo ilinukuliwa na watu ambao hawajui Matsangoni iko wapi. Hakuna mtu aliyemwuliza amejuaje. Na yeye si mgeni aliyetoka mbali. Alizaliwa huku huku, akatumwa na mama yake mara ngapi kurudisha mabakuli ya watu, akisimamishwa mlangoni mpaka kipatikane cha kutia.

"Mbona hamkuniambia, mama?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Tukwambie nini? Nilidhani wajua. Wewe si wa hapa?"

Alhamisi, Profesa alisimama mbele ya kamati akaeleza yote. Hakujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Alisema kwamba alihesabu adabu akaiita uzembe. Kwamba siku mbili za mwezi ambazo watu wale walikaa bila dawa zilisababishwa na ombi lake mwenyewe la kurudishiwa chupa. Kwamba angeliandikia jarida liondoe andiko lake. Moraa naye alisoma maneno ya wagonjwa wengine ambao yeye na Profesa walikuwa wamewatembelea juma lile, na yote yalisema jambo lile lile.

Mwenyekiti, Daktari Ndirangu, mtu mpole aliyemheshimu sana, alivua miwani akaifuta.

"Ungeweza kuliacha likapita, Profesa. Umebakiza nini, miezi mitatu?"

"Wao hawastaafu presha, Daktari."

Kamati haikuchukua muda mrefu. Kuanzia mwezi ujao, Kwa Mwaro watapewa dawa za miezi mitatu nyumbani. Profesa aliinamisha kichwa kwa shukrani. Ndirangu akaendelea kusoma: isipokuwa wale ambao wamekwisha kupata kiharusi. Hao, kwa usalama wao, itabidi waendelee kuonekana Kilifi kila mwezi.

Zipporah alifungua mdomo apinge, akaufunga. Utaratibu ule ulikuwa sahihi. Yeye mwenyewe alikuwa akiufundisha.

Alirudi Kwa Mwaro peke yake, akamweleza mama Easter mwanzo hadi mwisho, akiwa ameketi kwenye kigoda kile cha Moraa. Alisema samahani, na neno lenyewe lilikuwa jepesi mno kwa kazi aliyolitwika. Mama Easter alisikiliza akiutazama mkono wake uliolala.

"Kwa hiyo wenzangu watakaa na dawa zao nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi bado ni wa kwenda."

"Bado, mama. Nitakuwa nikikuchukua na gari langu. Kila mwezi."

"Haya," alisema mama Easter, kwa namna ya mtu aliyepewa kiti wakati ameshazoea kusimama. "Mimi sina neno nawe. Njia ile kweli ilinishinda, na uzee nao umo. Lakini yuko Viola. Kila akinilisha, kila akiniosha, aniambia nilijiletea. Mwambie yeye. Mimi nikimwambia, asema najitetea."

Profesa aliinuka akaenda jikoni. Viola alikuwa ameikalia mbuzi, sinia mbele yake, nusu ya nazi mkononi. Zipporah alikuwa amewafundisha watu wengi kumweleza mgonjwa habari ngumu: kaa naye, tumia maneno mepesi, mpe nafasi ya kuuliza. Alisimama mlangoni, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, akasema kwamba faili la mama yake lilikuwa na uongo, na kwamba uongo ule aliuandika yeye.

Viola hakuacha kukuna. Alikuna mpaka nyama yote ikaisha na meno ya mbuzi yakaanza kusaga kifuu.

"Mwaka mzima," alisema mwishowe. "Mwaka mzima namgombeza."

"Najua."

"Hujui. Hukuwapo." Aliweka kifuu chini, akafuta mikono kwenye leso. "Yuasikia huko aliko?"

"Yuasikia."

Viola aliinuka, akampita Profesa pale mlangoni bila kumgusa, akaingia kwa mama yake. Zipporah alibaki jikoni. Alisikia sauti ya binti, ya chini, na hakujua kama ilimpasa kuondoka sasa au kungoja aitwe.