Mkwe Haguswi

Mimi Kabedi nilikuwa nawakanda watu misuli kwenye hospitali ya kampuni ya migodi, na kazi hiyo niliisomea. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka tisini na tatu, walipotufukuza mtaani kwetu Kapata, nilijua kabisa kitakachotokea. Kujua hakukunisaidia kitu.

Vijana walikuja wakiimba, "Bilulu, mwende kwenu!" Bilulu ni wadudu, ndilo jina walilotupa sisi wenye asili ya Kasai, hata tuliozaliwa kulekule Kolwezi. Ilibidi tufike stesheni kabla treni ya kwenda Kasai haijaondoka. Mama yangu, Mama Ndaya, hakuwa na miguu tena tangu apate kiharusi. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Mikokoteni yote ilikuwa imeshachukuliwa. Alibaki mume wangu Mulumba, mwanaume mwenye mgongo mzima.

"Tata, umubebe Mama ku mugongo," nikamwambia mume wangu.

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Hali naye chakula, hamtazami usoni, na neno lolote linapitia kwa binti. Mama naye, akiwa amekaa chini kando ya mlango, akaniambia mimi ilhali Mulumba anasikia vizuri:

"Mwambie mukwe wangu asiniguse. Afazali nibakie, nikufe hapa."

Nikakasirika. Nyumba inavunjwa madirisha, na hawa wawili wanaheshimiana!

Mulumba akatoa kiti cha mbao. Nikampandisha Mama, na Mulumba akakikumbatia kiti kwa nyuma, egemeo kifuani pake, Mama amekaa huko mbele, uso ameugeuzia njia.

"Hii itakuumiza," nikasema. "Kitu ikikuwa mbali na mwili, mugongo ndio inalipa."

"Tutafika, Kabedi."

Jaribu kusukuma mlango mkono ukiwa karibu na bawaba, utatoa jasho. Misuli ya mgongo imekaa hivyo, imeshikana na mfupa, na mzigo ukisogea mbele inabidi ivute mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe. Mgongoni Mama angekuwa kama mtoto. Kwenye kiti kile alikuwa gunia la simenti. Nilimweleza Mulumba njia nzima, kila alipopumzika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Stesheni, alipoinama kukitua kiti kando ya behewa, akashtuka na kugeuka nyuma kwa hasira.

"Nani amenipiga jiwe?"

Hakuna aliyerusha jiwe. Nikampapasa kiunoni, nikakuta msuli umekaza kama ubao, na katikati pamebonyea. Ulikuwa umechanika. Machozi yakanitoka palepale, maana msuli wa namna hiyo haukaripiwi wala haubembelezwi. Hauvuti tena.

Behewa lilikuwa la mizigo, sakafu yake juu, usawa wa kifua. Wanaume wawili nisiowajua waliona tumbo langu, wakanishika makwapani, wakaniingiza ndani kabla sijasema lolote. Watu wakajaa nyuma yangu, wakanibana mlangoni.

"Mama!" nikapiga kelele. "Muchukue na Mama!"

Wale wawili walikuwa wameshapanda wenyewe. Filimbi ikalia.

Hapo Mama akamtazama mkwe wake usoni. Maishani mwangu sikuwahi kuliona jambo hilo.

"Mutoto wangu," akamwambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu, "unibebe." Akamzungushia mikono shingoni.

Mulumba akapiga magoti, akamkumbatia, akajaribu kuinuka. Akajaribu tena. Magoti yakaachana na ardhi kidogo, kisha mgongo ukakataa, na wote wawili wakaanguka kwenye kokoto.

Treni ikaanza kwenda. Niliita jina la Mulumba mpaka sauti ikakatika. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Mume wangu alikuwa analia kwa sauti, na Mama amempakata kichwa, anamfuta machozi kwa kiganja, mbele ya watu wote.